Pikipiki ya Babu

Kwetu ni Maji ya Chai, ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, ukishaipita Usa River. Wageni wakisikia jina hilo hucheka, huuliza kama kwetu chai inatoka bombani. Mto wetu una rangi ya chai kweli, lakini rangi haijamdhuru mtu. Kinachodhuru ni floridi, kitu kisicho na rangi wala harufu, kinachotoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye mito na chemchemi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na yapo maji ya kwetu yanayozidi hapo mara nyingi. Kwa hiyo ukiniona nacheka nimeziba mdomo, ndugu msomaji, usidhani naringa. Meno yangu ni ya kahawia.

Kwangu mimi iliishia kwenye meno. Kwa mpwa wangu ilishuka hadi miguuni.

Mpwa wangu huyo amerithi jina la marehemu baba yetu, hivyo nyumba nzima tunamwita Babu, hata mama yangu mwenyewe. Ana miaka sita. Miguu yake imepinda magotini kama upinde, na daktari alisema ni floridi ya maji pamoja na ile iliyomo kwenye magadi tunayolainishia maharage. Wenzake wakichukua baiskeli zao kuukuu kwenda kuteremka kilima, Babu hubaki chini ya mgomba akiwahesabia nani katangulia. Hajawahi kulia kwa jambo hilo. Angelia ingekuwa nafuu.

Shemeji yangu anaendesha watalii. Mwaka juzi msimu ulimwendea vizuri, akarudi nyumbani akasema, "Mwanangu naye atapata chombo chake. Kama miguu haiwezi, injini itaweza." Alikuwa ameona kambini watoto wa wageni wakiendesha pikipiki za matairi manne. Basi akaniomba tufuatane mjini kuchagua, kwa kuwa mimi nashinda gereji nikishika spana, na zaidi ya hapo, ndiye msomi wa ukoo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, nikapata daraja la kuniachia nyumbani, lakini ninaandika riwaya. Kwetu mtu anayeandika riwaya anaaminika kusoma chochote.

Tukafika kwenye yadi moja ya vyombo vilivyotumika. Zilikuwepo mbili. Moja ndogo, CC 50, ya bluu iliyopauka, imekaa kinyonge kama mtoto wa kambo. Ya pili CC 110, nyekundu, ina taa mbili na matairi yenye meno. Shemeji aliizunguka ile nyekundu mara tatu.

"Huyu anakua," akasema. "Tukinunua ndogo, mwaka kesho haimfai."

Ndivyo tunavyonunua sare za shule kwetu, ndugu msomaji. Sketi hadi kwenye kisigino, atakua nayo. Lakini pikipiki si sketi.

Kwenye madigadi ya ile nyekundu kulikuwa na kibandiko cha njano, maandishi ya Kiingereza. Shemeji akaniuliza, "Anko, hapo wameandika nini?"

Nilisoma. Kilisema isiendeshwe na mtoto wa chini ya miaka 12. Nikamtazama muuzaji, naye akanitazama. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amenivuta pembeni akanishikisha noti ya elfu kumi, "ya soda, mtaalamu wangu." Na ukweli ni kwamba hata mimi ile nyekundu ilikuwa imeniteka.

"Maandishi ya kampuni tu hayo," nikajibu.

Tukainunua.

Jumamosi yake Babu alikalishwa juu ya kiti katikati ya shamba la kahawa. Ana kilo 19, na ile mashine haikupungua kilo 80. Miguu haikufika vizuri kwenye pa kukanyagia. Kidole gumba kikaminya kile kikonyo cha mafuta, mashine ikaruka kama mbuzi aliyechomwa, ikapita miche miwili, na ilipofika kwenye mfereji wa maji Babu akakata kona. Haikukata. Ikainuka upande mmoja, ikapinduka.

Mungu mkubwa, mtoto alirushwa kando, akapasuka mdomo tu. Matairi ya nyuma yaliendelea kuzunguka yakitazama mbinguni. Mama yangu akatoka mbio jikoni, mikono ina unga, akambeba. Akauliza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonimaliza: "Hivi waliotengeneza kitu hiki hawakuandika popote kwamba si cha mtoto?"

Shemeji akanigeukia. Hakusema neno.

Nikasogea hadi kwenye ile mashine, nikapiga magoti, nikasoma kibandiko kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, mbele ya dada yangu na majirani waliokwisha kukusanyika. Nikaitaja na ile elfu kumi. Wapo waliocheka. Shemeji aliingia ndani, na hakuniita Anko kwa wiki mbili.

Tuliirudisha ile nyekundu. Muuzaji alikubali kubadilishana na ile ya bluu bila kuturudishia tofauti, tena akadai laki mbili na themanini za madigadi iliyovunjika na "usumbufu." Nilikuwa na akiba ya kununulia kompyuta kuukuu ya kuchapia riwaya yangu. Nikaitoa. Sikuombwa.

Safari hii nilisoma kila kitu kabla ya kugusa spana. Nikajifunza kwamba mashine hizi zilianza na matairi matatu, na ajali zikawa nyingi mno, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza. Nikajifunza kwamba hata za matairi manne, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri asiyefika miaka 16 asiendeshe kabisa. Hili nililisoma kwa sauti pia, ingawa lilimuumiza shemeji. Tukakaa kikao. Dada akasema, "Basi iende mwendo wa mtu anayetembea, na mtu atembee nayo." Ndivyo tulivyokubaliana.

Nikaanza kazi. Kwenye kikonyo cha mafuta kuna skrubu ndogo inayozuia kikonyo kisiende mbali. Niliikaza hadi injini ikawa inanguruma lakini haikimbii. Mkono wa breki niliuvuta karibu na usukani, vidole vya Babu viufikie bila kunyooshwa. Upepo wa matairi nikaupunguza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni, nao ni mdogo kuliko unavyodhani. Tairi lililojazwa kama la baiskeli huruka kila jiwe. Kisha ile swichi yenye kamba ya kufunga kiunoni: mtoto akianguka, kamba inachomoka, injini inazima. Kwenye ile nyekundu kamba haikuwepo, na mimi sikuuliza.

Ndipo nikaelewa kwa nini kona ilikataa. Ekseli ya nyuma ni moja, matairi mawili yanazunguka kwa pamoja, hivyo mwendeshaji lazima aegemeze mwili upande wa kona huku uzito akiukanyagia mguu wa nje, ili tairi la ndani lipate kuteleza. Babu hawezi kusimama na kuegemea kwa miguu ile. Kwa hiyo nikachonga vibao viwili, nikavifunga pa kukanyagia, miguu yake ipate kukaa kwa pembe yake yenyewe. Na tukafuta kona kali zote. Njia yake ni moja: kati ya migomba, kuizunguka nyumba kwa mduara mpana. Mferejini hafiki, na lami ni mwiko.

Siku ya kwanza nilitembea ubavuni nimeshika kamba, kofia ngumu imemfunika hadi nyusi. Wenzake wakasimamisha baiskeli zao wakatazama. Mmoja akasema, "Mbona polepole hivyo?" Babu akamjibu bila kugeuka, "Niko kazini."

Pikipiki haikunyoosha miguu yake. Sasa anakunywa maji ya mvua tunayokinga kwenye tangi, na magadi jikoni hayaingii tena. Daktari anasema tusubiri.

Kompyuta bado sina. Riwaya naandika kwa kalamu, kwenye madaftari ya mistari. Lakini nimewaandikia haya ninyi wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, mnaosema kama nilivyokuwa nikisema, kwamba kazi yetu ni kubuni. Kwenye familia nyingi wewe ndiye unayesoma kwa niaba ya wote. Siku watakapokuuliza hapo wameandika nini, usibuni.