Anga la Pande Zote Mbili

Kati ya Meru mjini na Nkubu, barabara inavuka ikweta. Wasafiri wa kwenda Embu husimama kwenye kibao, wakapigana picha, wakaendelea na safari. Mimi nilifundisha fizikia kwa miaka kadhaa katika shule ya upili ng'ambo kidogo ya mstari huo, na hadi leo sijaona mahali panapomfaa zaidi mtu mwenye darubini. Mkazi wa ikweta hanyimwi nyota. Mwaka ukizunguka, anga la kaskazini na la kusini yote hupita juu ya paa lake.

Darubini yangu, yenye kioo cha inchi 8, niliuziwa na mmisionari mzee aliyekuwa anarudi kwao Italia. Ilikuwa mwisho wa 2013, wiki chache baada ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba. Turkana jua lilizibwa lote. Kwetu lilimegwa tu jioni ile, na wanafunzi wakalitazama kwa tundu la kadibodi likiangusha umbo lake kwenye karatasi. Baada ya hapo kila jioni walikuwa na maswali.

Kutazama ni rahisi. Kupiga picha ya galaksi ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu nuru yake ni hafifu na kamera lazima iachwe wazi muda mrefu huku dunia ikizunguka. Ndiyo maana stendi ina mota ya kuifuata nyota, na mhimili wa stendi sharti ulale sambamba na mhimili wa dunia. London mhimili huo huinuliwa digrii 51. Nkubu unalala sawasawa na ardhi, na stendi iliyoundwa kwa ajili ya Ulaya haikubali kulala hivyo: chuma cha kusawazisha uzito kinagonga mguu wake. Fundi mmoja wa jua kali pale Makutano aliichunguza, akauliza darubini itatazama wapi, kisha akanichomelea kabari ya chuma iliyoisogeza mbele. Kazi yake ilikuwa safi kuliko ya kiwandani.

Lilibaki tatizo la kuilenga. Wenzetu wa kaskazini huelekeza stendi kwenye Nyota ya Kaskazini, wakamaliza. Kwetu nyota hiyo inakaa kwenye upeo wa macho, nyuma ya migongo ya Imenti na ukungu. Kwa hiyo nilikuwa nachagua nyota iliyo utosini na kuichungulia: ikihama kuelekea kaskazini au kusini, naigeuza stendi kidogo, nangoja, natazama tena. Saa nzima inaweza kuisha hivyo, huku umande ukitafuta kioo.

Mvua za vuli zilipokatika, mlinzi wa shule alikuja na kurunzi yake nikaiomba aizime. Alikuwa mzee wa Tharaka, aliyechunga mbuzi utotoni. Nilimwonyesha Andromeda upande wa kaskazini, doa refu la ukungu, nuru iliyosafiri miaka milioni 2.5. Kisha tukageuka. Kusini kabisa, saa ileile, limesimama Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka 200,000 ya nuru. Mambo haya mawili hufika kilele cha safari yao karibu pamoja, moja kaskazini, moja kusini.

"Hilo nalijua, Mwalimu," akasema. "Tukilala nje na mbuzi tuliliona. Ni wingu lisiloleta mvua."

Januari, mnamo saa tatu usiku, Wingu Kubwa nalo lilipanda upande wa Chuka. Picha nyingi fupi, nikizipanga moja juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta, zilitoa kile ambacho jicho halikioni: Tarantula, wekundu wa gesi ambamo nyota zinazaliwa. Wanafunzi walibishana kama rangi ile ni ya kweli. Ni ya kweli; ni haidrojeni.

Baadaye sokoni iliwekwa mulika mwizi. Wafanyabiashara walistahili mwanga ule, na siwezi kuwaombea giza, lakini upande huo wa anga nilikuwa nimeupoteza.

Nilipopata uhamisho kwenda Kiritiri, Mbeere, nilipata anga kavu, mbali na mawingu ya Mlima Kenya yanayofunika Runyenjes na Manyatta. Huko, Februari, saa tisa za usiku, nilipiga Centaurus A: mpira wa nuru uliokatwa katikati na mkanda mweusi wa vumbi, umbali wa miaka milioni 12 hivi ya nuru. James Dunlop aliiandika mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga.

Niliichapisha nikampelekea mlinzi wangu, aliyekuwa amestaafu na kurudi Tharaka. Aliishika kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza juu chini, akaita wajukuu waje.

"Wazungu wanaiona hii?"

"Wa Australia wanaiona, Mzee. London haichomozi kamwe."

"Na ile nyingine ya kaskazini?"

"Hiyo wanayo."

Akafikiri kidogo. "Basi wakitaka zote mbili uwalete hapa. Mbuzi tunao."