Kurudi Ukiwa na Pumzi

Nilipompigia mama simu kumwambia naenda India, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nyathina, mwanangu, ni nani mgonjwa?"

Ndivyo India inavyojulikana kwetu Nyatike. Ni nchi ya figo, moyo na saratani. Jina lake tunalisoma kwenye kadi za harambee. Nikamweleza kwamba mimi ni mzima, ila kampuni ya mizigo ninayoifanyia kazi Dubai inanituma Bengaluru wiki moja, nikaonane na mafundi wanaotutengenezea programu. Akamshukuru Mungu, kisha akaniombea vile vile anavyowaombea wagonjwa.

Kutoka uwanja wa ndege wa Devanahalli hadi Whitefield, mtaa wa makampuni ya kompyuta, tulisota kwenye foleni mpaka jua likazama. Ghorofa za vioo, kreni, nguzo za reli katikati ya barabara, na kila nafasi iliyobaki imejaa pikipiki. Ofisini nilijifunza mengi ya kazi. Lakini kilichoniondolea usingizi nilikiona jioni ya tatu, mwenyeji wangu aliponipeleka kwa mama yake, Jayanagar.

Jamaa huyo alifanya kazi Texas miaka mingi. Siku moja akafunga virago akarudi, kwa kuwa kazi ile ile ilikuwa imemfuata hadi mtaani kwao. Alivua viatu mlangoni, mama yake akamgombeza kwa kuchelewa, akatuwekea dosa za moto na kahawa ya maziwa. Nilimwonea wivu, wala si kwa mshahara wake.

Mimi nina makazi mawili. Ya Dubai yamefungwa kwenye visa ya mwajiri. Kazi ikiisha, safari imefika. Ya pili yako kwetu, karibu na Macalder, kaunti ya Migori. Kwa desturi yetu Wajaluo, mwanamume hana budi kutoka kwenye simba, ile nyumba ya ujana, aanzishe boma lake. Nilianzisha. Nyumba ina bati la rangi na geti la chuma, na mlinzi anaijua kuliko mimi. Tangu imalizike nimelala humo majuma machache tu.

Kundi letu la WhatsApp la wana Migori na Homa Bay walioko Ghuba huchanga mara nyingi kusafirisha maiti. Hatumwachi mtu wetu ugenini. Kenya nzima iliiona desturi hiyo mwaka 1987, kesi ya kugombania mwili wa S. M. Otieno ilipodumu miezi mpaka ukazikwa kwao Nyalgunga. Siibezi, nami nataka kulazwa karibu na baba. Ila nikipitia majina ya kundi moja moja, waliorudi kwa jeneza ni wengi kuliko waliorudi kwa miguu yao wakabaki. Hilo linanichoma.

Mezani pale Jayanagar mwenyeji akanisimulia taa za mji wao zilivyowaka. Mwaka 1902 walianza kufua umeme kwenye maporomoko ya Shivanasamudra, mto Kaveri, ukapelekwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Kolar. Mwaka 1905 umeme huo ukafika Bengaluru. Machimbo ya Kolar yalifungwa mwaka 2001.

Kijiko kikanibaki mkononi. Hadithi hiyo nimekua nayo! Macalder pia ilikuwa na mgodi, na kwa ajili yake umeme ulifuliwa Gogo, mto Kuja, miaka ya 1950. Mgodi ukafungwa. Gogo bado inafua megawati mbili, zinaingia kwenye gridi ya taifa. Na vijana wangali wanashuka mashimoni kwa kamba, wanaosha mchanga kwa zebaki, na mvua ikizidi shimo humfunika mtu.

Mwanzo ni mmoja, basi. Kwao umeme ulikutana na taasisi ya sayansi ya mwaka 1909, kiwanda cha ndege cha mwaka 1940, na baadaye, miaka ya 1980, makampuni ya kompyuta. Kwetu dhahabu iliondoka, watoto wakaifuata.

Sisemi Bengaluru ni pepo. Mji ule hauna mto mkubwa. Wazee wao walichimba maziwa kwa mikono, na wajukuu wameyajengea juu. Ziwa Bellandur limejaa majitaka hata likafoka povu barabarani, na Februari 2017 likawaka moto. Mwaka 2024 watu walipanga foleni kwenye malori ya maji. Nilisimama kando ya uzio wa Bellandur, harufu imenikaba, nikayaona magugumaji yale yale yanayofunga mitumbwi Homa Bay, kwao mama yangu. Ziwa letu hatukulichimba, tulipewa. Likifa, sijui watoto tutawaambia nini.

Na kurudi na pumzi si jambo geni kwetu. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, ndiye aliyehangaikia ndege ya mwaka 1959 iliyopeleka vijana 81 kusoma Marekani. Wengi wao walirudi kwa sababu kazi ziliwangoja. Leo Homa Bay ina chuo kikuu chenye jina lake, Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, na wahitimu wa vyote viwili hunitumia ujumbe wakiomba visa ya Dubai. Wachache nimewasaidia. Ningependa zaidi kuwapelekea kazi. Kukagua hati za mizigo, kusahihisha data, kujibu wateja: sehemu kubwa ya tunachokilipia Bengaluru mhitimu wa Rongo angeifanya akiwa Migori mjini, jioni akala kwa mama yake.

Nilimwandikia bosi kutoka hotelini. Akajibu kwa swali moja: umeme wa huko ni wa kuaminika?

Nikampigia mama. Kama kawaida akaniuliza nitarudi lini. Safari hii sikumpa tarehe.

"Mama," nikamwuliza, "siku hizi stima ikipotea hapo nyumbani, hukaa muda gani?"

"Itategemea mvua," akasema. "Leo ni siku ya tatu."