Taa Zilipoanza Kung'aa

Vijana wanaotengeneza magemu siku hizi huwasha mng'ao wa taa kwa kubofya mara moja. Sisi tuliokuwa kazini karibu na mwaka 2000 tulichora taa zisizowaka. Jua lilikuwa duara jeupe lililobandikwa angani. Kuizunguka taa ya barabarani tuliweka kipande cha picha chenye nuru hafifu, kikimgeukia mchezaji kila alikokwenda, na kilipogusa ukuta kilikatika kama kwa wembe.

Kikwazo kilikuwa skrini. Kila rangi ya msingi ilipimwa kuanzia 0 hadi 255, basi. Ukuta wa chokaa juani ulifika 255, na jua lenyewe 255. Lakini mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika kidogo na kumwagikia vitu vya jirani, na ubongo umezoea kuusoma mmwagiko huo kuwa ni ukali. Kwa hiyo skrini iliyofika kikomo bado ingeweza kuchora mmwagiko.

Gemu la Ico lilikuwa limeonyesha njia mwaka 2001, madirisha ya ngome yakifurika nuru. Mimi nilielewa namna ya kuchora mmwagiko huo nikiwa San Jose, Machi 2003, kwenye mkutano wa watengenezaji wa magemu. Masaki Kawase, kutoka Japani, alieleza kazi yake katika Double-S.T.E.A.L, gemu la magari la Xbox. Alichukua picha iliyokwisha kuchorwa, akabakiza sehemu kali tu, akaipunguza ukubwa, akaitia ukungu, kisha akaijumlisha juu ya picha ya awali. Kutia ukungu ndiko kulikokula nguvu za mashine, na hapo ndipo alipotushangaza. Kila mzunguko wa kutia ukungu, pikseli ilichukua wastani wa sehemu nne tu za kimshazari. Mzunguko uliofuata ulisoma mbali zaidi. Kila usomaji aliuweka pale pikseli nne zinapokutana, kadi ya grafiki ikazichanganya yenyewe. Kusoma mara nne kukabeba hadi pikseli kumi na sita! Sijapata kusikia maelezo yaliyonifaa kuliko yale.

Halafu ikaja miaka ya kupita kiasi. Mashati, mchanga, mpaka vipaji vya nyuso, vyote viling'aa, kwa kuwa 255 ya shati na 255 ya jua zilihesabiwa sawa. Kampuni ya Valve ilipotoa gemu fupi la maonyesho, Lost Coast, mwaka 2005, mwanga ulikokotolewa kwa kipimo kipana kuliko cha skrini, ukabanwa mwishoni. Hapo jua likaachana na ukuta.

Hadi leo nikifungua gemu jipya hutazama kwanza kitu cheupe juani. Kikiwaka kama taa, najua mwanga haukupimwa. Nawaomba mnaoanza kazi hii: kabla ya kugusa mng'ao, lipeni jua ukali unaozidi wa ukuta mara maelfu, na taa kila moja kadiri yake.