Bukoba hadi Muleba: nyumba ya mlimani si mandhari peke yake

Dalali wa Bukoba akikupeleka kuona nyumba ya kupanga Kibeta, Nshambya au Rwamishenye, kitu cha kwanza anachokuonyesha si jiko wala choo. Anakusimamisha barazani na kunyoosha kidole kuelekea ziwani. Siku isiyo na mawingu unaona Ziwa Victoria, Kisiwa cha Musira, na mabati ya mji yakimeta bondeni. Ni mandhari ambayo mtu anaweza kuilipia kodi ya mwaka mzima bila kuuliza swali la pili.

Kwa mzazi, swali la pili ndilo la maana. Hivi karibuni nimezunguka milima ya Bukoba hadi Muleba na dada yangu, anayehamia Kagera kutoka Mwanza na watoto wawili, mmoja wa darasa la pili na mwingine wa miaka mitatu. Yeye alikuwa akitafuta nyumba ya kupanga sasa na kiwanja cha kujenga baadaye. Mimi niliuliza maswali ninayouliza kila siku katika habari za afya: maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na mtoto akizidiwa usiku anafika wapi.

Tulichojifunza ni hiki: hakuna mtaa usio na kasoro. Kazi ya mzazi ni kutenganisha kasoro ambayo familia inaweza kuirekebisha yenyewe na ile isiyoweza.

Bondeni: karibu na kila kitu, pamoja na maji

Bukoba ilianzia chini. Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo hapa kando ya ziwa, na mji ukakua kukizunguka. Mpaka leo soko, ofisi nyingi, hospitali ya rufaa ya mkoa na uwanja wa ndege viko mjini, chini ya milima. Anayeishi Miembeni, Bilele au Bakoba hahangaiki sana mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku. Kashai na Hamugembe nazo zina watu wengi, maduka mengi na bodaboda za kutosha.

Kasoro ya bonde ni mvua. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ni miongoni mwa miji inayonyeshewa sana nchini. Sehemu kubwa ya mvua inayonyesha milimani hushuka hadi Mto Kanoni, unaopita katikati ya makazi kabla ya kuingia ziwani. Mei 2024 mto huo ulifurika na maji yakaingia majumbani.

Wengi wetu tukisikia mafuriko tunafikiria magodoro na televisheni. Daktari wa watoto anafikiria vyoo vya shimo. Maji yakipanda, kilichomo chooni kinatoka na kusambaa uani, kwenye kisima na kwenye tope ambalo mtoto wa miaka mitatu atalichezea wiki nzima baada ya mvua. Kuhara huanzia hapo. Unaweza kuinua msingi wa nyumba yako, lakini huwezi kuinua vyoo vya majirani wote.

Ufukweni nako kuna nyumba nzuri zenye bustani, na upepo wa ziwa unavutia. Kabla ya kulipia kiwanja huko, pima kwa mguu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria hiyo ina sababu inayoonekana kwa macho: mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda hadi viwango vilivyokumbusha wazee mafuriko ya miaka ya 1960.

Kuna pia kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na mtoto huambukizwa kupitia ngozi, hata akitumbukiza miguu tu. Ukiishi karibu na maji, mwanao ataogelea hata ukimkataza. Kasoro hii angalau ina tiba: dawa ya kichocho ipo, na watoto wa maeneo yenye ugonjwa huu huigawiwa shuleni. Hakikisha wako hapitwi siku hiyo.

Mlimani: hewa safi, mguu mzito

Ukipanda kutoka mjini kwenda Rwamishenye unahisi hewa ikibadilika. Nyumba zina nafasi, mageti, maua na miti. Maji ya mvua hayatuami, na majirani hawajabanana. Si ajabu wenye uwezo hupenda huku.

Lakini mtembeze mtoto. Mteremko wa asubuhi ni mlima wa mchana. Mwanafunzi wa darasa la pili anayeshuka kwenda shule akiwa amechangamka, saa nane mchana anapanda na begi mgongoni, pengine na njaa, kando ya barabara yenye malori na bodaboda. Kama mpango wako ni kumlipia bodaboda kila siku, jumlisha gharama hiyo kwenye kodi ya nyumba kabla hujasema kuwa mnaimudu.

Maji ya bomba nayo lazima yasukumwe kuja juu. Mteja wa mamlaka ya maji, BUWASA, anayeishi bondeni na yule wa kileleni hawapati msukumo mmoja, hasa umeme ukikatika. Uliza majirani wawili, si dalali, bomba linatoka siku ngapi kwa wiki na saa ngapi.

Hii ni kasoro inayorekebishika, na hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye bati lenye mita za mraba 100 ni lita 100. Kwa mvua ya Bukoba, bati hilo linapokea karibu lita 200,000 kwa mwaka. Familia ya watu watano inayotumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku inahitaji lita 36,500 tu kwa mwaka. Mvua ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni mabomba ya kukinga maji kwenye bati na simtanki la kutosha kuvuka wiki za kiangazi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuanza kukinga, funika tenki ili mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe.

Jambo la pili la mlimani ni namna nyumba ilivyojengwa. Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera na kuua watu wasiopungua 17. Shule ya Sekondari Ihungo, iliyojengwa juu mlimani tangu enzi za wamisionari, iliharibika vibaya hadi ikajengwa upya. Urefu haukuwaokoa. Mitaa ya chini kama Hamugembe nayo iliumia. Tofauti kati ya nyumba na nyumba ilikuwa zaidi katika ukuta kuliko katika anwani.

Kwa hiyo tazama ukuta kabla ya ziwa. Je, kuna mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba yote juu ya madirisha? Kuna nyufa za mshazari kwenye kona za milango? Kama mlima umekatwa ili kupata uwanja, ukingo wa nyuma umezuiwa kwa ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, au ni udongo mtupu unaosubiri masika? Chungulia pia nyuma ya kabati la chumba cha watoto. Ukuta wenye ukungu mweusi haumfai mtoto mwenye pumu, hata rangi ya mbele iwe mpya kiasi gani.

Pembezoni: kiwanja, kibanja na ukoo

Anayetaka kujenga ataelekezwa Buhembe, Nyanga, Kitendaguro, Kagondo au Ijuganyondo. Huku mji unakutana na kibanja: migomba, mibuni chini ya kivuli, na nyumba katikati. Kwa malezi ni pazuri. Mtoto anapata uwanja wa kuchezea, na mama anapata mboga uani.

Swali la afya linarudi palepale, zahanati iko umbali gani na barabara ikoje mvua ikinyesha. Ila hapa kuna swali jingine ambalo linaweza kuigharimu familia makazi yake: ardhi hii ni ya mtu au ya ukoo? Kibanja cha Kihaya mara nyingi kina warithi wengi, na kina makaburi.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika kesi iliyotoka Kagera kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanaume. Wengi wanaikumbuka hukumu hiyo kwa sababu hiyo njema. Mnunuzi aikumbuke na sehemu yake ya pili: ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mtu wa nje bila ridhaa ya wanaukoo, mwanaukoo anaweza kuirejesha kwa kumrudishia mnunuzi fedha aliyolipa. Usinunue kwa saini ya mtu mmoja. Kaa na wanaukoo, mwenza wa muuzaji awepo na akubali, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, kisha nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhakiki kama eneo limepimwa.

Muleba: mbali na mji, si mbali na hospitali

Barabara ya kusini inapita Kemondo yenye bandari, inafika Muhutwe, na kutoka hapo unaweza kupanda kwenda Kamachumu au kuendelea kuelekea Muleba mjini, zaidi ya kilomita 60 kutoka Bukoba. Dada aliingia Muleba akidhani anakwenda shamba. Alishangazwa na hospitali. Ndolage ya Kilutheri iko upande wa Kamachumu, na Kagondo na Rubya za Kikatoliki ziko katika wilaya hiyohiyo. Mtoto wa Kamachumu anaweza kuwa karibu na daktari kuliko wa pembezoni mwa Bukoba ambaye barabara yake imekatika kwa mvua. Kinachobaki mbali ni rufaa: ugonjwa ukizidi uwezo wa hospitali hizo, safari ya Bukoba ni ndefu, na usiku ni ndefu zaidi.

Kuhusu malaria, Muleba ina jambo la kujivunia. Wilaya hii ina maeneo kuanzia mita 1,100 hivi kando ya ziwa hadi mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mlimani mbu hupungua kwa sababu ya baridi. Hata hivyo malaria imekuwa ikiwasumbua watoto wake kwa miaka mingi. Kuanzia 2014 watafiti walijaribu hapa vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO, ambayo huvunja kinga ya mbu waliozoea dawa ya kawaida. Maambukizi kwa watoto yalipungua kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza na asilimia 33 mwaka wa pili, ukilinganisha na vyandarua vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo. Watoto wa Muleba wamechangia kinga ya watoto wa nchi nyingi.

Funzo kwa anayetafuta nyumba ni kwamba kilima hakimwondolei mzazi kazi ya neti. Ziba uwazi kati ya ukuta na bati, weka wavu madirishani, na kila kitanda kiwe na chandarua.

Jinsi ya kuamua

Dada hakuchukua nyumba yenye mandhari kuliko zote. Alichukua ya vyumba vitatu, nusu ya mlima kati ya mjini na Rwamishenye. Ziwa linaonekana kwa kona ya dirisha la jikoni tu. Haina tenki wala wavu madirishani, na alikubaliana na mwenye nyumba, kwa maandishi, kuwa ataviweka na gharama ikatwe kwenye kodi. Alichohakikisha mapema ni yale asiyoweza kuyabadilisha: maji ya mvua hayaji upande wake, ukuta una mkanda wa zege, shule inafikika kwa miguu, na bodaboda ya usiku inafika hospitali bila kuvuka mto. Kiwanja cha Kamachumu bado anakiwaza, watoto wakikua kidogo.

Nawe ukitafuta, nenda kuona nyumba mara tatu: mara moja mvua kubwa ikiwa imetoka kunyesha, mara moja saa moja jioni mbu wanapotoka, na mara moja saa nane mchana pamoja na mwanao, mkitembea kutoka shule anayotarajia kusoma. Akifika barazani bado ana nguvu za kucheza, hapo sasa kaa na mwenye nyumba mzungumze bei.