Kwa nini tulinyamaza jana jioni

Ndugu wasikilizaji, nanyi jamaa mliokimbia vita, poleni. Jana tulinyamaza kabla ya tangazo la mtoto aliyepotea njiani. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni petu, anasubiri.

Kontakta, ile swichi kubwa ya jenereta, iliungua. Kosa ni langu: nilikata moto mitambo ikiwa bado inarusha sauti. Vyuma vya ndani vikiachana hivyo, umeme huruka hewani kama radi ndogo, unavila.

Huko Rubaya koltani huoshwa kwa mikono. Lakini viwanda vikubwa vya kutenga madini, vyenye mota za nguvu, hufungia vyuma hivyo ndani ya chupa isiyo na hewa. Cheche huzimika upesi. Sisi Muheto tuna msasa, na fundi wa pikipiki.

Leo asubuhi tangazo nimelisoma mara tatu.