Vichaka vya Itigi: Matembezi ambayo mtoto mdogo ndiye anayepanga mwendo

Treni ya reli ya kati ikishaiacha Manyoni kuelekea Tabora, dirishani hubaki vichaka tu. Watoto waliogombania dirisha tangu Dodoma huanza kuuliza, "Mama, tunafika saa ngapi?"

Kumbe wameshafika. Hivyo ndivyo vichaka vya Itigi, mkoani Singida. Miti yake ni myembamba, mingi ikiwa na urefu wa mita tatu hadi tano, na imesongamana hata mtu aliye hatua chache mbele haonekani. Uoto wa namna hii hupatikana hapa na kaskazini mwa Zambia. Kati ya Manyoni na Itigi ipo Aghondi, eneo lenye hifadhi ya nyuki.

Asubuhi moja ya kiangazi, familia chache, watu kumi na watatu pamoja na watoto, ziliingia vichakani nyuma ya mzee mrina asali.

"Shikamoo babu," watoto walimwamkia.

"Marahaba wajukuu zangu." Kisha akatoa sheria. Mtoto mdogo kuliko wote afuate nyuma yake, mtu mzima afunge msafara, na kila mmoja awe na namba yake. Akisema "hesabu", waitikie mmoja mmoja.

Mdogo wao alikuwa na miaka sita. Baba mmoja alicheka, "Kwa mwendo huu si tutafika kesho?"

"Tutafika wote," mzee alijibu.

Mgunda Mkali

Kuhesabiana si jambo geni katika nchi hii. Kabla ya reli, misafara kati ya pwani na Tabora ilipita hapa kwa miguu, na wasafiri waliiita Mgunda Mkali, yaani shamba kali, kwa uhaba wa maji. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wakiongozwa na watu waliokwisha kuijua njia.

Wapagazi walikuwa na mbinu yao, tirikeza. Walipika na kunywa maji mchana, wakaondoka alasiri, wakalala pasipo maji, na asubuhi wakayafikia maji ya mbele. Aliyebaki nyuma alikuwa hatarini. Wajerumani walipoifikisha reli Tabora mwaka 1912, mwendo wa siku nyingi ukawa wa saa chache, na njia ile ikasahaulika.

Namba nane

Baada ya saa moja mzee alisema, "Hesabu." Sauti zilifuatana hadi saba, kisha kimya.

Namba nane alikuwa mvulana wa miaka tisa. Alikuwa ameona digidigi akamfuata kidogo tu. Baba yake, yule aliyecheka, alitaka kujitosa vichakani. Mzee akamshika shati.

"Ukiingia na wewe, tutatafuta wawili."

Aliwanyamazisha wote, akaita mara moja, akasikiliza. Mtoto aliitikia kutoka upande ambao hakuna aliyeudhania, hatua zisizofika ishirini.

"Simama hapohapo, mjukuu wangu. Piga makofi."

Mzee aliyafuata makofi, akarudi naye. Hakuna aliyemgombeza. Baba alimshika mkono mpaka kwenye mizinga.

Huko watoto waliona mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini na ya kisasa ya mbao, pia viota vya nyuki wadogo wasiouma. Mzee aliwaeleza kwamba asali hiyo hutokana na maua ya vichaka hivi hivi, na vikifyekwa kwa mashamba na mkaa, nyuki huhama.

Kwa mzazi anayetaka kwenda

Chagua kiangazi, Juni hadi Oktoba, majani yanapopukutika na njia kuonekana. Pata kibali na mwongozaji kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mbung'o wapo, hivyo vaeni mikono mirefu ya rangi za kaki, si bluu wala nyeusi. Msijipake manukato, nyuki hawayapendi. Kila mtoto abebe maji yake, na afundishwe mapema: ukipotea, simama, piga makofi. Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 hupunguza uchovu, kisha mnaendelea kwa basi au treni ya zamani.

Familia zile zilirudi stesheni ya Manyoni jioni. Treni ilipoingia, watu walianza kusukumana kuelekea mabehewa. Yule baba aliweka mizigo chini kwanza.

"Hesabu," alisema.

Walipofika nane, mvulana aliitikia kwa sauti kuliko wote.