Busia, mahali ambapo sarafu hugoma kuvuka mpaka

UKITEREMKA basi mjini Busia, watu wa kwanza kukulaki ni wabadilishaji fedha. Wamejipanga kando ya barabara, mabunda ya noti mikononi, kila mmoja akikuapia kuwa bei yake haina mpinzani. Mpe noti za Kenya, atakuhesabia za Uganda kabla hujamaliza kupangusa jasho. Mpe sarafu, atakucheka.

"Mzee, hizi nizipeleke wapi? Zitanitoboa mfuko bure," aliniambia kijana mmoja nilipojaribu bahati yangu.

Ndivyo mambo yalivyo. Noti huvuka, sarafu hukwama. Msafiri anayerejea kutoka Tororo au Jinja hubaki na vyuma vichache asivyo na kazi navyo, akampa mtoto au akaviacha mezani kwa muuza chai. Kwa wengi hiyo ni hasara ndogo isiyostahili kutajwa. Kwa sisi tuliopagawa na ukusanyaji wa sarafu za zamani, hiyo ni sababu tosha ya kupanda basi usiku kucha.

Sokoni nilimwendea mama mmoja muuza njugu, mwenye umri wa kunizaa, nikamwamkia na kumweleza haja yangu. Alinitazama kwa muda kana kwamba ananipima akili, kisha akatoa mkebe wa maziwa ya unga chini ya meza.

"Tazama, mwanangu, lakini usinichanganyie na za leo."

Nilizimwaga juu ya gunia. Kulikuwa na shilingi 200 ya Uganda yenye samaki, shilingi 100 yenye ng'ombe wa pembe ndefu, za Mzee Kenyatta na za Moi, hata ile ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, iliyotolewa mwaka 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Chini kabisa zilikuwamo nilizozifuata: senti zenye tundu katikati.

Vijana wengi wa mjini hawajapata kuzishika. Za kwanza ni za mwaka 1907, na zilibeba majina ya himaya mbili, Afrika Mashariki na Uganda, juu ya chuma kimoja. Ikumbukwe kwamba hadi mwaka 1902 Busia haikuwa mpakani. Nchi yote kutoka hapa hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa ya Uganda, kisha ikahamishwa kwa kalamu. Pesa hazikuhama. Ilikuwa rupia kotekote, halafu shilingi kuanzia mwaka 1921, mpaka mwaka 1966 ambapo kila nchi ilianza kutoa zake.

"Nikiwa mtoto nilikuwa nikitumwa ng'ambo kununua samaki kwa pesa hizi hizi," alisema mama. "Hapakuwa na mtu wa kukubadilishia."

Tundu lilikuwa na faida yake. Sarafu zilitungwa kwenye kamba kama zilivyotungwa kauri zamani, na hadi leo Waganda huziita pesa ensimbi, jina la kauri zenyewe. Mama alifungua kola akanionyesha senti kumi ikining'inia shingoni kwa uzi mweusi. Ilikuwa ya mamake. Hiyo sikuthubutu kuuliza bei.

Katika lundo lile niliokota senti kumi ya mwaka 1936, moyo ukaruka. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala kutoka Januari hadi Desemba mwaka huo, akajiuzulu ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kwao hakuna sarafu yenye sura yake iliyowahi kufika sokoni. Lakini senti zetu, kwa kuwa tundu lilikalia mahali pa kichwa, hazikuhitaji picha. Jina lilitosha: EDWARDVS VIII REX, kwa Kilatini. Si adimu, maana zilitengenezwa mamilioni, na nilimweleza mama hivyo waziwazi. Alicheka sana kusikia habari za mfalme asiye na kichwa, akanipa kwa bei ya njugu.

Kilatini hicho si bure. Mwanafunzi akisoma IMP kwenye senti ya tundu, ajue ni IMPERATOR, cheo cha watawala wa Roma ya kale ambacho mfalme alijivika kwa ajili ya India. India ilipopata uhuru mwaka 1947, maneno hayo yakaondolewa. Warumi walianza kwa kuchora miungu. Mmojawao ni Janus, mungu wa milango, mwenye nyuso mbili zinazotazama mbele na nyuma, na nyuma ya sarafu yake paliwekwa omo ya merikebu. Watoto wa Roma waliirusha juu wakibahatisha, vichwa au merikebu. Mungu wa namna hiyo angefaa sana Busia! Mwaka 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar akaweka sura yake mwenyewe akiwa hai, na watawala hawajaacha tangu hapo. Sisi tumekwenda kinyume. Tulianza na wafalme, wakaja marais, na tangu mwaka 2018 sarafu mpya za Kenya zina twiga, kifaru, simba na ndovu, kwani katiba imekataza sura ya mtu yeyote.

Kutoka hapo nilipanda matatu hadi Malaba, mji usio na urembo wa kusimulia: malori, vumbi, reli, na malori tena. Huko utingo mmoja alinivuta kando akanionyesha kipande cha fedha chenye mungu mwenye ndevu. Kilitoka Roma, alisema, kupitia Misri na Sudan. Niliyekuwa nimejaa habari za Janus nilitoa shilingi 500 bila kuuliza mara mbili. Usiku, chini ya taa, niliona mstari mwembamba ukizunguka ukingo wote. Warumi walizigonga sarafu zao za fedha kwa nyundo. Mstari ule ni wa kalibu. Nimekihifadhi kinikumbushe ujinga wangu.

Jambo lingine nililojifunza kwa hasara ni kutosugua. Niliwahi kuisafisha shilingi ya simba ya mwaka 1925, ambayo robo yake ni fedha, kwa majivu na ndimu. Iling'aa kama kijiko kipya, na mnyama akabaki bila manyoya.

Miezi mitano baadaye nilirudi Busia, safari hii nikiwa na daftari la kuandika kila sarafu na mahali ilipotoka. Mama alinikumbuka. Aliinama, akatoa mkebe na kuuweka mezani, nao haukulia.

Mjukuu wake alikuwa amezipeleka zote kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Zilipimwa kwa mizani pamoja na spoki za baiskeli na sufuria iliyotoboka, akalipwa pesa za daftari mbili za shule.

"Angeniuliza," alisema mama, mkono ukiwa shingoni juu ya ule uzi.